Buyenzi, Bujumbura: Kwa nini injini iliyoundwa upya hurudi gereji kabla ya mwezi kwisha?

Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, siku huanza kwa mlio wa nyundo na harufu ya dizeli. Kando ya barabara zinazojulikana kwa namba, magari yamefunuliwa boneti, injini zinaning'inia kwenye minyororo, na vijana waliopakaa grisi hadi viwikoni wameinamia mabeseni wakisafisha vipuri. Wengi wao hawakujifunza kazi hiyo darasani. Wameipata kwa kumtazama fundi, kumshikia taa, kumpa spana, kisha siku moja kuachiwa injini nzima waifunge wenyewe.

Miongoni mwa kazi zote za gereji, kuifumua injini na kuiunda upya ndiyo inayogharimu zaidi na inayosamehe kidogo zaidi. Mwenye teksi aina ya Probox au basi dogo la Hiace hukopa fedha, huagiza vipuri katika nchi yenye uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na gari lake husimama siku kadhaa bila kuingiza chochote. Injini hiyo ikianza kugonga au kutoa moshi wiki tatu baadaye, kila mmoja hupata hasara: mwenye gari amebaki na deni, fundi ameharibikiwa jina, na mwanagenzi hajui alikosea wapi.

Mara nyingi kosa haliko kwenye nguvu za mikono wala kwenye akili ya fundi. Liko kwenye hatua tatu zinazorukwa kwa sababu ya haraka au kukosa vifaa: kupima, kusawazisha na kujaribu.

Mtaa wa mafundi, lugha tatu

Buyenzi ni mmoja wa mitaa ya zamani ya Bujumbura. Ulianzishwa wakati wa utawala wa Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura, na kwa miaka mingi umekuwa makao ya Waislamu wazungumzaji wa Kiswahili. Katika nchi ambayo Kirundi husikika kila mahali, Kiswahili kimebaki kuwa lugha ya biashara na ya gereji katika mtaa huu.

Hata hivyo, mwanagenzi wa Buyenzi hujikuta kati ya lugha zaidi ya moja. Humsikiliza fundi wake kwa Kiswahili na Kirundi, lakini vipuri huitwa kwa Kifaransa. Kichwa cha injini ni culasse, ringi ya pistoni ni segment, na krenki, yaani mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni wa kupanda na kushuka kuwa mzunguko, ni vilebrequin. Naye akipata mwongozo wa injini ya Kijapani, mara nyingi atakuta umeandikwa kwa Kiingereza. Ndiyo maana wengi huacha vitabu na kutegemea jicho na sikio. Lakini namba zilizomo katika miongozo hiyo hazihitaji tafsiri: milimita ya Kijapani ndiyo milimita ya Buyenzi.

Je, injini inahitaji kufumuliwa kweli?

Somo la kwanza hutangulia spana. Injini nyingi hufumuliwa bila sababu ya kutosha. Moshi wa buluu, kwa mfano, ni dalili kwamba oili inaungua, lakini hauelezi oili hiyo inapita wapi. Gari likitoa moshi asubuhi linapowashwa, kisha moshi ukapungua, mara nyingi tatizo ni sili za vali, ambazo huweza kubadilishwa bila kugusa pistoni. Moshi ukizidi gari linapovuta mzigo au kupanda mlima, ringi na silinda hushukiwa zaidi.

Kipimo cha kuondoa shaka ni kile cha mgandamizo. Injini hupashwa moto, plagi zote hutolewa, mafuta na umeme wa plagi hukatwa, pedali ya mafuta hukanyagwa hadi mwisho, na injini huzungushwa kwa stata huku geji ikiwa imefungwa kwenye tundu la plagi. Injini nyingi za petroli zenye afya huonyesha kati ya bar 10 na 14. Za dizeli huwa juu zaidi ya mara mbili ya hapo, na huhitaji geji yake maalumu.

Hapa Bujumbura ina jambo lake. Mji uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 8 hadi 9. Mwongozo unaotaja bar 13 kwa vipimo vya usawa wa bahari humaanisha kwamba fundi wa Bujumbura atarajie takriban 12. Asiyelijua hilo anaweza kuihukumu injini nzima kuwa imechoka. Kilicho muhimu zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Tatu zikisoma 12 na ya nne ikasoma 8, ugonjwa umejitaja mahali ulipo.

Baada ya hapo, kijiko kimoja cha oili humiminwa ndani ya silinda iliyo dhaifu na kipimo hurudiwa. Geji ikipanda, oili imeziba kwa muda mwanya wa ringi, hivyo ringi au silinda zimechakaa. Isipopanda, vali au gasketi ndiyo inayovujisha. Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi iliyo kati yao huenda imekatika.

Kufumua ni kusoma

Injini ikishathibitika kuwa inahitaji kufumuliwa, mwanagenzi mwema hufanya kazi pole pole. Kila kifuniko cha beringi kina mahali pake na upande wake, kwa kuwa kiwandani kilichongwa kikiwa kimefungwa papo hapo. Kikibadilishwa na cha jirani, tundu la beringi hupoteza umbo lake la duara. Kwa hiyo vifuniko huwekwa alama kabla ya kufunguliwa, na pistoni hupangwa kwa utaratibu zilivyotoka.

Vipuri vilivyochakaa navyo husema. Beringi iliyolika upande mmoja huashiria konirodi iliyopinda. Pistoni yenye mikwaruzo huonyesha joto kali au uchafu katika oili. Kubadilisha kipuri bila kusoma kilichokiua ni kumwalika mgonjwa arudi.

Jicho halioni sehemu ya mia ya milimita

Unywele wa mtu una unene wa takriban sehemu saba za mia za milimita. Nafasi ya oili kati ya krenki na beringi zake kwa kawaida huwa ndogo kuliko hapo: katika injini nyingi za magari madogo ni kati ya milimita 0.02 na 0.06. Ikiwa finyu mno, oili haipenyi na chuma hushikana na chuma. Ikiwa pana mno, oili hukimbia, mgandamizo wake hushuka, na injini huanza kugonga. Hakuna kidole wala kucha inayoweza kutofautisha hali hizo mbili kwa uhakika.

Kwa hiyo vifaa vya lazima ni vichache lakini havikwepeki: mikromita, geji ya kupimia kipenyo cha ndani, fila geji na rula ya chuma iliyonyooka. Kila silinda hupimwa juu, katikati na chini, na katika kila kimo hupimwa pande mbili zinazokingamana. Hivyo ni vipimo sita kwa silinda moja, 24 kwa injini ya silinda nne. Silinda huchakaa zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeuka, na zaidi upande ambao pistoni huulemea. Anayepima chini tu atadhani silinda ni nzima.

Kichwa cha injini hulazwa, rula huwekwa juu yake, na fila geji hujaribiwa kupita chini ya rula. Ikiwa jani la milimita 0.05 au 0.10, kutegemea mwongozo unavyoruhusu, linapita, kichwa kimepinda na kinapaswa kusawazishwa kwa mashine. Kukifunga hivyo hivyo kwa gasketi mpya ni kuahirisha hasara. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vipimo vikionyesha uchakavu, kazi huhamia kwenye karakana ya kukereza. Silinda hupanuliwa kwa hatua zinazolingana na pistoni zinazouzwa, kwa kawaida 0.25, 0.50 au 1.00 ya milimita, na krenki hupunguzwa kwa utaratibu kama huo. Busara ni kununua pistoni kwanza na kuzipima kabla ya silinda kuchongwa, ili silinda ifuate pistoni iliyopo mkononi. Injini nyingi za aluminiamu za siku hizi zina silinda za chuma nyembamba mno ambazo watengenezaji hawakukusudia zipanuliwe. Ushauri wa kweli kwa mwenye gari huenda ukawa kutafuta bloku nyingine, na ni heri aambiwe hilo kabla ya kulipa.

Gramu 10 zinazovuta kama kilo 7

Kusawazisha ndiko kunakosahauliwa zaidi, kwa sababu matokeo yake hayaonekani injini ikiwa mezani. Chukua injini ya petroli ya lita 1.5 inayopatikana katika Probox nyingi. Pistoni yake husafiri milimita 84.7 kutoka juu hadi chini, maana yake krenki huizungusha katika duara lenye nusu-kipenyo cha milimita 42 hivi. Tuseme pistoni moja imebadilishwa na mpya ina uzito wa gramu 10 zaidi ya wenzake. Mezani tofauti hiyo ni sawa na sarafu mbili au tatu.

Lakini injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, gramu hizo 10 huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 7 na nusu, juu na chini, zaidi ya mara 60 kwa kila sekunde. Kwa mizunguko 2,000 nguvu hiyo haifiki kilo 2, kwa kuwa mwendo ukiongezeka maradufu nguvu huongezeka mara nne. Ndiyo sababu gari huweza kutulia mjini na kutetemeka barabara kuu. Mtetemo huo hulegeza bolti, huchosha viegemeo vya injini na hupunguza umri wa beringi.

Tiba yake si ghali. Kwa injini ya silinda nne zilizo katika mstari mmoja, mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja inatosha kuanzia. Pistoni hupimwa moja moja pamoja na pini zake, na konirodi hupimwa vilevile, kila ncha peke yake. Iliyo nyepesi kuliko zote huwa kipimo, na nyingine hupunguzwa taratibu hadi tofauti isizidi gramu 1 au 2. Chuma huondolewa tu mahali palipoachwa nene kwa kazi hiyo, kamwe si kwenye kuta za pistoni wala shingo ya konirodi.

Krenki na gurudumu zito lililofungwa nyuma yake huhitaji mashine inayozizungusha na kuonyesha upande mzito, kisha uzito hutobolewa kidogo kidogo. Gereji isiyo na mashine hiyo bado ina wajibu mmoja rahisi: kuweka alama kwenye gurudumu na krenki kabla ya kuzitenganisha, ili zirudi zilivyokuwa. Injini nyingine, kama ile ya dizeli ya Mitsubishi 4D56, zina mihimili miwili ya ziada ya kutuliza mtetemo. Ikifungwa nje ya alama zake, huongeza mtetemo badala ya kuupunguza.

Kufunga kwa usafi na kwa namba

Vumbi la kuchongea silinda ni msasa. Likibaki ndani, husafiri na oili na kula beringi mpya. Silinda iliyochongwa huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, husuguliwa kwa brashi, hukaushwa na kupakwa oili mara moja isishike kutu. Kitambaa cheupe kikipitishwa ndani kitoke cheupe. Gereji ya kando ya barabara yenye vumbi haina budi kutenga kona moja safi kwa kazi hii.

Ringi nazo hupimwa. Kila moja huingizwa ndani ya silinda peke yake na mwanya kati ya ncha zake hupimwa. Kwa silinda ya milimita 75, mwanya wa takriban milimita 0.3 ni wa kawaida kwa ringi ya juu. Ukiwa mdogo mno, ringi ikipata joto hutanuka, ncha zake hugongana, na silinda mpya hukwaruzwa siku ya kwanza.

Bolti za kichwa hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua kadhaa. Injini nyingi za kisasa hutaka hatua ya mwisho iwe ya nyuzi, kwa mfano robo ya mzunguko, na baadhi ya bolti hizo hutumika mara moja tu kwa kuwa hurefuka zinapokazwa. Fundi anayekaza kwa hisia ya mkono anaweza kupatia bolti tisa na kukosea ya kumi, na gasketi hukatika hapo hapo.

Mlima wa Bugarama kama chumba cha majaribio

Viwanda vikubwa hujaribu injini juu ya mtambo unaoipa mzigo na kupima nguvu yake. Gereji nyingi za Afrika Mashariki hazina mtambo huo, lakini majaribio bado yanawezekana.

Kwanza, plagi zikiwa zimetolewa, injini huzungushwa kwa stata hadi mgandamizo wa oili uonekane kwenye geji. Oili ifike kwenye beringi kabla ya moto. Injini ikishawaka, mambo matatu hutazamwa: oili, joto na sauti. Kanuni ya mafundi ni takriban bar 1 ya oili kwa kila mizunguko 1,000, injini ikiwa na joto. Taa nyekundu ya oili peke yake haitoshi, kwa sababu huwaka wakati madhara yameshaanza. Baada ya siku chache za kazi, kipimo cha mgandamizo hurudiwa, kwani ringi huwa zimekaa.

Kisha huja barabara. Kutoka Bujumbura, barabara kuu namba moja hupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa umbali usiofika kilomita 40. Ni mtihani mgumu kwa injini yoyote: mzigo mkubwa, mwendo mdogo wa kupoza rejeta, na hewa inayozidi kuwa nyepesi. Injini isiyo na taboketi iliyo nzima kabisa itapoteza karibu robo ya nguvu zake juu huko ikilinganishwa na pwani, na huo si ugonjwa. Joto linalopanda bila kutulia, maji yanayopungua au moshi wa buluu ndiyo dalili za kurudi.

Lakini mlima si wa siku ya kwanza. Ringi mpya huhitaji mamia kadhaa ya kilomita za mzigo wa wastani, mwendo ukibadilishwa badilishwa, bila kuiacha injini inguruma muda mrefu gari likiwa limesimama. Oili ya kwanza hubadilishwa mapema, kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa kuwa hubeba chembe za chuma.

Hapa ndipo maisha ya Bujumbura yanapogongana na kitabu. Tangu uhaba wa mafuta uliponza kuikumba Burundi katika miaka ya karibuni, dereva aliyekaa foleni siku nzima hapendi kuambiwa atumie lita zake kwa kuzungusha injini bila abiria. Wengine hununua mafuta ya magendo yasiyojulikana yamechanganywa na nini. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa huungua vibaya, injini hugonga kama inayopigwa nyundo ndogo, na pistoni mpya huweza kupasuka. Fundi anayekabidhi gari bila kulieleza hilo amefanya nusu ya kazi.

Maji nayo ni hatari ya pekee mjini hapa. Ziwa Tanganyika lilipofurika mwaka 2024, mitaa ya ufukweni na eneo la Gatumba vilikumbwa na mafuriko. Maji hayagandamiziki. Yakinyonywa ndani ya silinda, konirodi hupinda papo hapo. Gari lililozama halipaswi kuwashwa kabla ya plagi kutolewa na maji kumwagwa.

Cheti, mikono na daftari

Burundi ina shule za ufundi na vituo vya serikali vya kufundisha kazi za mikono, lakini vijana wengi wa Buyenzi huanza gereji kabla ya kufika huko, na ujuzi wao hauna karatasi. Nchi jirani zimejaribu kuziba pengo hilo. Kenya ina mitihani ya ufundi ya NITA yenye madaraja matatu, na Tanzania, kupitia VETA, huwatahini na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na fundi anayefikiria kuvuka mpaka kutafuta kazi atakutana na swali la cheti mapema.

Cheti hakipatikani kwa siku moja. Daftari linapatikana leo. Mwanagenzi anayeandika vipimo 24 vya silinda, uzito wa kila pistoni, mwanya wa kila ringi na mgandamizo wa oili siku ya kwanza huwa na ushahidi mkononi. Injini ikirudi, atafungua ukurasa wake na kulinganisha: je, oili imeshuka, silinda ipi imedhoofika, nini kimebadilika? Mwenye gari naye ataonyeshwa namba badala ya kuahidiwa, na atajua kama kosa ni la gereji, la kipuri au la mafuta aliyonunua kando ya njia.